Kadhi, Baba na Dume Mweusi

Wewe uliyeniacha wiki jana mlangoni kwa Kadhi, nimemshika Nurto mkono, njoo tuingie pamoja. Peke yangu niliogopa.

Na wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, pole, nitakueleza kwa kifupi ingawa matatizo yangu ni marefu. Mimi ni Mturkana wa Isiolo. Baba yangu, mzee Lokorio, aliniita Nakal. Masista wa misheni walionilea tangu nikiwa mdogo wakaniita Maria. Halafu akaja Dualeh, Msomali, dereva wa lori la Merti. Akanipenda, nikampenda, nikasilimu, nikaitwa Abiba. Kila jina lina wenyewe, na wote wanadai mimi ni wao.

Mwaka ule wa themanini na mbili mto Ewaso Nyiro ulimchukua Dualeh pamoja na lori lake. Nilikaa eda mpaka ikaisha. Nilipotoka nje tu, kaka yake mkubwa, Awale, akaja nyumbani kwangu Chechelesi. Kwanza alitaka kunirithi niwe mke wake wa pili, ndiyo desturi yao. Nikakataa, na sikukataa kwa adabu. Basi akasema, kama sitaki, nimpe Nurto. Nikamfukuza na mwiko. Akaenda kunishtaki kwa Kadhi.

Nurto ni binti yangu, mtoto pekee niliyeachiwa. Wakati huo alikuwa anakaribia miaka saba. Nyumba wangechukua, vyombo wangechukua, hata jina wangechukua. Huyo mtoto, hapana.

Haya, tukaingia.

Chumba cha Kadhi kilikuwa nyuma ya ofisi za serikali, kimeshikana ukuta na mahakama ya hakimu. Kadhi mwenyewe alikuwa mtu wa pwani, mzee mwembamba wa miwani, na Kiswahili chake kilinyooka mpaka sisi watu wa bara tukaona haya kufungua mdomo. Awale hakuona haya. Akaanza hata kabla ya kuulizwa.

"Sheikh, huyu mwanamke si Muislamu! Ni Mturkana wa misheni. Mtoto wa ndugu yangu hawezi kulelewa na kafiri. Nipe mtoto, kesi iishe."

Watu wake wakaguna kukubali. Kadhi akavua miwani taratibu.

"Bwana Awale, ni wewe uliyeleta shauri hili hapa?"

"Ndiyo, Sheikh."

"Serikali iliponipa kiti hiki ilinipa na mpaka wake. Mimi nasikiliza Waislamu tu, anayeshtaki na anayeshtakiwa. Kama huyu mama si Muislamu, sina neno naye. Nifunge jalada mwende hapo ukuta wa pili, kwa hakimu?"

"La, la! Kwa hakimu siendi!"

"Kwa nini?"

Awale akawageukia watu wake. Isiolo nzima ilijua kwa nini. Hakimu angeuliza mtoto anakula nini, anasoma wapi, na mwenyewe anataka kulala kwa nani. Awale angejibu nini hapo?

"Basi ni Muislamu," Kadhi akasema.

"Sikusema hivyo, Sheikh."

"Chagua moja. Huwezi kumtaka awe Muislamu ili nimhukumu, halafu asiwe Muislamu ili anyang'anywe mtoto."

Mama mmoja kule nyuma akacheka kwa pua. Huka, karani wa Kadhi, kijana Mborana asiyependa mchezo, akamkazia macho.

"Alisilimishwa na nani?" Kadhi akauliza.

Awale akakohoa. Wasomaji wangu, kikohozi kile nilikifaidi.

"Niseme mimi, Sheikh?" nikauliza.

"Nimemuuliza yeye."

Awale akavua kofia, akaizungusha mkononi, akaivaa tena. "Mimi," akasema.

"Hukusikika."

"Mimi, Sheikh! Mimi ndiye nilimtamkisha shahada, nyumbani kwa mama yangu. Wallahi ni mimi."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, na hapo nilikosea, maana Kadhi alinigeukia.

"Na wewe unayecheka. Wewe ni Muislamu?"

Wakili wangu, Bwana Kaimenyi, Mmeru mmoja mpole ambaye masista walinitafutia, akanigusa kiwiko. Tangu asubuhi alikuwa akinisihi nisikimbilie kujibu swali hilo, nimwache kwanza aseme yeye. Lakini mimi na kusubiri hatupatani.

"Ndiyo! Mimi ni Muislamu. Leo alfajiri nimesali na huyu mwanangu kando yangu. Muulizeni!"

Kaimenyi akafumba macho.

"Vizuri," Kadhi akasema. "Sasa nyote wawili mko mbele ya sharia. Bwana Awale, sikiliza. Msichana mdogo hukaa na mama yake. Si na ami yake, si na shangazi yake. Mama ndiye mwenye haki ya kwanza, maadamu hajaolewa na mwanamume mgeni kwa mtoto, asiye ndugu wa damu yake. Mama, umeolewa tena?"

"Niolewe na nani, Sheikh? Hata huyu nimemkataa."

Kicheko kingine. Nurto naye akacheka, ingawa sijui alielewa nini. Akanibana mkono nikambana wake.

Ndugu zangu, nilikuwa nimeshinda. Nilianza hata kuwaza jioni nitampikia nini.

"Una shahidi wa tabia na malezi yako?"

"Ninaye, Sheikh. Baba yangu yuko nje."

Mashahidi walikuwa wamekalishwa barazani wasisikie yanayosemwa ndani. Kaimenyi alinieleza kwamba huo ndio utaratibu wa mahakama zote, ya Kadhi na ya hakimu. Kumbe utaratibu huo ndio utakaonimaliza.

Awale akaruka tena. "Sheikh, huyo mzee hata Mkristo si Mkristo! Hana kitabu, hana msikiti, hana kanisa. Ni shahidi gani mbele ya sharia?"

"Sheria ya nchi iliyounda mahakama hii inasema shahidi ni shahidi," Kadhi akasema, "awe wa dini yoyote, awe mwanamume au mwanamke. Huka, mlete."

Nusura nipige makofi. Nilimtolea Awale ulimi kidogo, Mungu anisamehe. Maskini sisi! Yeye alikuwa anamzuia mtu ambaye angemwokoa, na mimi ndiye niliyekuwa namwita ndani.

Baba akaingia na fimbo yake na kigoda chake kidogo cha mbao. Badala ya kusimama, akaweka kigoda chini katikati ya chumba, akakaa.

"Mzee, simama," Huka akamwambia.

"Wewe mtoto, mimi nimetembea kutoka asubuhi," baba akasema.

"Mwache," Kadhi akasema. "Mzee, unamjua mwanamke huyu?"

"Hii mtoto yangu. Nakal."

"Ni mtu wa tabia gani?"

"Mdomo mingi," baba akasema. Watu wakacheka. "Lakini moyo yake safi. Mtoto yake anakula vizuri, analala vizuri. Hakuna shida."

"Ataweza kumlea peke yake, hali hana mume?"

Baba akanitazama, akatabasamu. Tabasamu lile nalijua. Ni lile la mtu aliyekuletea zawadi na anangoja uifungue.

"Peke yake? Hapana peke yake," akasema. "Nyinyi msiogope. Mimi nilitafutia yeye bwana."

Sikusikia vizuri. Au nilisikia, kichwa kikakataa.

"Bwana gani, mzee?" Kadhi akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Erot, ya Ngaremara. Mtu mzuri, iko na ngamia mingi. Alileta mifugo kwangu, tukamaliza. Ile dume nyeusi ilianguka vizuri sana, watu wote waliona. Sasa Nakal ni bibi ya mtu. Mtoto iko na baba. Nani anasema ati hawa hawana mtu?"

"Apa!" nikapiga kelele. "Baba, umefanya nini?"

Akashtuka. Alikuwa ametarajia nifurahi.

Dume yule mweusi wa ng'ombe nilimkumbuka. Eda ilipokwisha, na Awale amekwisha kunishtaki, baba alitutumia ujumbe mimi na Nurto tuende kwake, ng'ambo ya mto. Tukakuta watu wengi. Dume alichomwa mkuki, wanawake wakaimba, mama yangu akanipaka mafuta mabegani na kifuani huku analia. Nyama sikuila, maana haikuchinjwa kwa jina la Mungu. Mimi na Nurto tulikunywa chai yetu pembeni. Nilidhani wananiondolea matanga ya Dualeh. Nililelewa na masista, nyimbo za Krismasi nazijua zote, lakini harusi ya Kiturkana sikuwahi kuiona hata moja.

Na huyo Erot alikuwepo! Amesimama na fimbo yake ndefu, ananitazama bila kupepesa. Nikamwambia, "Wewe mzee, mbona unaniangalia hivyo, umekuja kununua ngamia?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilijiona nina maneno matamu. Sasa, mbele ya Kadhi, nikajua walichokuwa wanacheka.

"Mama," Kadhi akasema, "siku ya huyo dume ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Sheikh, lakini..."

"Ulipakwa mafuta?"

"Nilipakwa. Lakini sikujua!"

"Mturkana gani hajui dume wa harusi?" mtu mmoja wa Awale akauliza kwa sauti, na safari hii hata wale waliokuwa upande wangu walinung'unika.

"Mimi!" nikasema. "Mimi sijui! Niueni basi!"

Kadhi akainua mkono. "Tulia. Harusi ile, kwangu mimi si ndoa. Mwanamke Muislamu haolewi na asiye Muislamu. Lakini baba yako anaitambua, huyo bwana anakungoja, na watu wamekwisha kula. Nikikuachia mtoto, atalala boma la nani?"

"Langu! Chechelesi!"

"Hapana," baba akasema, na alisema kwa upole kabisa, kama anayenisaidia nisikosee. "Atalala kwa bwana yake. Ndiyo sheria yetu."

"Umesikia," Kadhi akaniambia.

Kaimenyi akasimama, akaeleza kwamba hakuna mwanamke anayeolewa bila yeye mwenyewe kukubali, si kwa serikali wala kwa Uislamu. Kadhi akamjibu kwamba hilo ni kweli, ila neno la kwamba sikujua liko mdomoni mwangu peke yangu, na baba mzazi, shahidi niliyemwita mwenyewe, amesema vingine.

Hapo Awale akasimama. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Sheikh, mimi nimefikiri tena," akasema. "Huyu ni Muislamu! Muislamu safi kabisa! Kwa nini nilibisha? Nilimsilimisha mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Apewe sharia yake yote, isipungue."

Nilitamani ule mwiko wangu.

Adhana ya adhuhuri ikaanza kusikika kutoka msikitini. Kadhi akafunga jalada.

"Tunakwenda kusali. Nikirudi nitasoma uamuzi. Mama, sipendi kukuficha, ujitayarishe. Ninavyoona mimi, mtoto ataenda kwa watu wa baba yake."

Nurto aliyasikia hayo. Akanitazama usoni. Huka akamwambia atoke nje akacheze kidogo, akatoka.

Nilitoka nikiwa sioni vizuri kwa machozi. Baba alikuwa amesimama barazani, kigoda kwapani.

"Nakal, nimekosa wapi?" akauliza kwa Kiturkana.

"Umeniuza, Apa."

"Sikukuuza. Sokoni waliniambia mahakama haimpi mtoto mwanamke asiye na mwanamume. Nikasema mwanangu asidharauliwe. Nikakupa mtu."

"Rudisha mifugo yake! Leo! Rudi umwambie Kadhi umerudisha!"

Akatazama chini. "Ile mifugo imegawanywa. Wajomba zako wamehama nayo."

Nilitaka kumtukana. Haki ya Mungu, maneno yalikuwa tayari. Lakini nilimwona amezeeka ghafla pale barazani, vumbi la safari mpaka magotini, na nikashindwa. Nikakaa chini nikalia kama mtoto.

Kaimenyi akanivuta kando, karibu na ukuta.

"Mama Nurto, nisikilize haraka. Kuna njia moja, na ni kabla hajasoma. Ukirudi ndani, sema wewe si Muislamu. Umeacha, umerudi kwa dini ya zamani. Hakuna sheria ya nchi inayokukataza. Ukisema hivyo mbele yake, hana nguvu tena juu yako. Kesi inakufa, tunaanza upya kwa hakimu. Na hakimu haangalii dume wala mafuta. Anaangalia mtoto."

"Na nimekwisha sema ndiyo mbele ya watu wote?"

"Ndiyo maana nilikugusa kiwiko."

"Kwa hakimu nitampata?"

"Kwa hakimu naweza kupigana. Hapa nimemaliza."

"Nirudi kwa dini ya zamani," nikamwambia. "Ipi, Bwana Kaimenyi? Ya masista au ya Apa?"

Akanishika bega. Akatazama upande wa mfereji, ule ulio nyuma ya mahakama, ambapo watu walikuwa wanatia udhu. "Kitu kimoja tu," akasema. "Usiende pale. Usisali leo. Kama watu watakuona unatia udhu sasa hivi, halafu ukaingia ndani kusema wewe si Muislamu, Kadhi hatakuamini na hakimu atakuona mwongo. Kaa hapa hapa na mimi."

Nikakaa. Na Awale alikuwa pale mferejini, amekunja mikono ya kanzu, hanawi. Ananitazama mimi. Alikuwa ameelewa, yule. Awale si mjinga.

Sasa niwaambie ukweli, maana mkikosa ukweli kwangu mtaupata wapi. Mtu angedhani ni rahisi. Neno moja, mtoto abaki. Nilipokuwa nimekaa pale niliogopa watu, ndiyo, lakini nilimwogopa Mungu zaidi. Dini ile sikuishika kwa ajili ya Dualeh tu. Walipokuja kuniambia lori limekwenda na maji, ni sala iliyonishika nisifuate mto. Na Nurto angekuwepo ndani, anasikia mama yake anakana. Anasoma chuo cha Kurani, anajua mtu wa namna hiyo anaitwa nani. Ningempata mtoto wangu, naye angenitazama vipi?

Nilifikiria hata kusema niko kwenye siku zangu, nisisali, nisijulikane. Lakini nilikwisha mwambia kila mtu kwamba alfajiri nimesali.

Nikapangusa machozi. Nikamwambia Kaimenyi, "Nitasema." Nilisema hivyo, sikatai. Akashusha pumzi, akasema nimefanya vizuri.

Ndipo nikamwona Nurto. Hakuwa amekwenda kucheza. Alikuwa anatoka mferejini, amebeba birika la plastiki la kutilia udhu kwa mikono miwili, ulimi umetoka pembeni kwa kujitahidi, maji hayamwagiki. Kila siku nyumbani ndiyo kazi yake. Mimi nikinawa, yeye ndiye anayemimina.

Akapita mbele ya Awale. Awale akasogea kumpisha.

"Mama, nimekuletea," akasema. "Wanaanza kusali. Lete mikono."

"Mwambie aende," Kaimenyi akaninong'oneza. "Mwambie tu aende, mama."

Baba alikuwa anatutazama kutoka barazani, haelewi. Awale aliacha kujifanya ananawa, akasimama wima.

"Mama, tutachelewa," Nurto akasema. "Halafu Kadhi atarudi."

Mikono yangu ilikuwa nyuma ya mgongo. Sikumbuki niliiweka huko lini.

"Mama. Lete."

Akainamisha birika, na maji yakaanza kutoka.